Birika la Binti wa Kwanza

Moroni hakuna mto. Anayekuambia upo anataka kukuuzia kitu. Mvua ya Ngazija ikishuka hupokewa na mawe meusi ya mlima wa moto, ikazama papo hapo, na baada ya saa moja huwezi kujua kama ilinyesha au uliota. Kwa hiyo kila nyumba yenye heshima zake ina birika. Sisemi birika la chai. Nasema shimo kubwa lililojengwa kwa mawe na chokaa uani, lina mdomo mwembamba na kifuniko cha mbao, na miezi ya mvua hunywa maji ya paa la nyumba ili watu nao wayanywe miezi ya jua. Ukitaka kumjua mtu wa Moroni, usihangaike na nguo zake. Muulize birika lake lina kina gani, kisha mtazame anavyovimba.

Sisi tulifika hatuna birika wala sufuria. Tulirudishwa kutoka Bukini, yaani Madagaska, mwaka ule wa balaa la Majunga, Wakomoro walipouawa huko, mimi na mama yangu, pamoja na wenzetu chungu nzima. Yaliyotupata Majunga siyasimulii hapa, maana nikianza sitamaliza. Nitasema tu kwamba nilizaliwa kule, nikaolewa kule, nikaachika kule wala sikujuta, na nikatoka kule na kanga mbili na mama. Baba alikuwa mfanyabiashara wa Mutsamudu, kisiwa cha Nzuani, na alikwisha kufariki zamani. Alipumzika asiyaone.

Watu wa Moroni walitupachika jina la shirika la ndege lililotuleta, na jina hilo limetuganda mpaka leo. Ukipita barabarani, mtu anamwambia mwenzake, huyo ni mmoja wao. Kingazija changu kiliwachekesha. Walisema natamka kama mtu mwenye ndizi mdomoni. Nami nikawajibu kwamba ndizi angalau ina maji ndani yake, na hilo halikuniongezea marafiki.

Lakini mwenye kisa hiki ni mama. Mama alikuwa binti wa kwanza, na kwa Wangazija hilo si jambo dogo. Nyumba kwetu ni ya mwanamke. Baba humjengea binti yake, mume huingia humo na sanduku lake la nguo, na ndoa ikivunjika hutoka na sanduku lile lile. Babu yangu alimjengea mama nyumba ya mawe, mtaa wa nyuma ya msikiti, na birika akalichimbisha mwaka wa harusi yake. Kisha baba, ambaye kwao Mutsamudu maji hupita mlangoni bure, akashindwa kukaa mahali ambapo mtu hutazamwa anavyotawadha. Akamchukua mkewe wakaenda Majunga. Nyumba akaachiwa mdogo wake mama aitunze. Akaitunza vizuri sana, mpaka akasahau kwamba si yake.

Huyo ndiye mama mdogo wangu. Siku tuliyofika alitupokea mlangoni amevaa dhahabu sikio zima, na majirani wamejipanga kutazama. Hakumwita mama dada. Alituita wageni wetu. Akatoa kikombe kimoja cha bati, kimejaa maji nusu, cha watu wawili waliotoka safari, akasema kwa sauti ya kusikika mtaa mzima, "Karibuni. Wageni hatuwanyimi maji."

Majirani wakamsifu kwa ukarimu. Mama alikitazama kile kikombe, akanywa kidogo, akanipa kilichobaki, akashukuru. Nilidhani hakusikia vizuri kwa uchovu. Alisikia vizuri sana.

Tulipewa chumba cha nyuma, kilichokuwa cha kuni na masufuria yaliyotoboka. Chumba cha mbele, chenye kitanda cha kuchongwa ambacho mama aliolewa juu yake, alilala mama mdogo. Mimi nilitaka vita. Nilitaka chumba cha mbele, kitanda, na mama mdogo barabarani na dhahabu zake. Mama alitaka kitu kimoja tu duniani, afie katika nyumba yake. Chumba gani, hakujali. Aliniambia nifunge mdomo, nami nikajaribu.

Jambo hilo lingewezekana kwa utaratibu kama si ukame. Mvua za mwaka ule zilikatika mapema, na jua likakaa kitako. Kila asubuhi mama mdogo alifungua kifuniko cha birika kwa ufunguo uliofungwa kwenye pindo la kanga yake, akateremsha ndoo, akasikiliza kamba imekwenda chini kiasi gani, kisha akageuka kututazama sisi. Mjini walisema hivyo hivyo, kwamba watu wa Bukini wamekuja kuyamaliza maji, kama vile tulikuja na matumbo ya ngamia. Na mama mdogo akaanza kusema, mbele ya yeyote aliyeingia, kwamba maji yakiisha itabidi wageni wetu waende Mutsamudu, kwa ndugu wa baba yangu, kule kuna mto. Alilisema kwa upole, akitusikitikia. Basi kila ndoo iliyotoka birikani ilimsogeza mama karibu na meli. Niliacha kunawa uso asubuhi. Nilinawa kwa mate, potelea mbali.

Siku zile uhuru ulikuwa mchanga bado, na nchi ilikuwa mikononi mwa vijana. Mkubwa wa mapinduzi aliwafukuza makarani kazini na kuwapa madaraka watoto wa shule. Kisha akapiga marufuku harusi kubwa. Kwa msomaji asiyeijua: mwanamume wa Ngazija hana kauli mbele za watu mpaka afanye harusi kubwa, alishe mji mzima, achinje ng'ombe, ajimalize. Baada ya hapo huitwa mtu mzima, huvaa joho, hukaa safu ya mbele msikitini, na neno lake husikilizwa hata likiwa pumba. Asiyeifanya hubaki kijana, awe na mvi mpaka kwenye nyusi. Mapinduzi yakaipindua meza hiyo. Wenye joho wakapewa mifagio wakafagie soko, na wasioota ndevu wakaitwa kamati. Sitawalilia wenye joho. Lakini sikuona pia kwamba soko lilikuwa safi.

Kamati ya mtaa wetu ilikuja nyumbani siku moja kutangaza kwamba mabirika yote ni ya wananchi. Mama mdogo aliukamata ufunguo kwenye pindo la kanga yake. Wakamlazimisha afungue. Wakainama wote pamoja, wakachungulia, wakaona tope na kidimbwi cha maji ya rangi ya chai chini kabisa. Walitazamana. Kisha kwa kuwa walikwisha kuja, na kurudi bure ni aibu, wakachukua mkaa jikoni wakaandika juu ya kifuniko: MALI YA UMMA. Wakaondoka. Umma ukawa umerithi tope, na mama mdogo akafunga kifuniko kwa ufunguo wake kama kawaida.

Sasa nieleze mlizamu, maana bila huo hamtauelewa upumbavu wetu. Mlizamu ni ule mfereji wa bati unaopokea maji ya paa na kuyatelemsha birikani. Miezi ya jua hugeuzwa ukatazama barabarani, vumbi na mavi ya kunguru visiingie ndani. Mvua ya kwanza huachwa ipite hivyo hivyo ili ioshe paa. Paa likishatakata, mlizamu hugeuzwa ukatazama birika. Kazi yenyewe ni kuusukuma tu, mtu yeyote mwenye mikono anaweza. Lakini katika ukoo wetu hausukumwi na mtu yeyote mwenye mikono. Husukumwa na mjomba, kaka wa wenye nyumba, aliyefanya harusi kubwa, akiwa amevaa joho lake, baada ya kusoma Fatiha. Mama mdogo aliapa kwamba zama za bibi yao kuna mtu aliusukuma bila joho na birika likapasuka. Nilimuuliza birika lilikuwa wapi wakati huo, maana hili lilichimbwa mwaka wa harusi ya mama. Akanikata jicho.

Na mjomba hakuwapo. Mjomba alikuwa ametoroka. Kamati ilimkuta na joho lake mwezi mmoja kabla, ikamtaka afagie soko akiwa amelivaa, akafagia, na siku ya pili yake akapanda meli kwenda Mutsamudu, ambako alikuwa na mke mwingine na hakuna aliyemuona ameshika ufagio. Mawingu yakaanza kukusanyika juu ya mlima. Mama mdogo akaniita uani, akahakikisha mama anasikia, akaniambia, "Kamlete mjomba wako. Ukishindwa usirudi. Mama yako tutakuletea huko huko."

Nilikwenda na meli iliyobeba saruji na mbuzi, na mbuzi walistahimili bahari kuliko mimi. Mutsamudu siku zile tulishushwa kwa mashua kama magunia, ukifika pwani unajihesabu viungo. Nikapanda mjini kwa vichochoro vile vyembamba, na kabla sijauliza njia nikasikia maji.

Sijui niseme nini. Yalikuwa yanapita tu. Yanatoka milimani huko, juu ya kijiji cha Patsy, yanapita katikati ya mji, hayaulizi nani ni wa ukoo gani, yanakwenda baharini. Mwanamke mmoja alikuwa anasuuza sufuria. Akaitazama, hakuridhika, akamwaga maji yote akachota mengine. Akamwaga na hayo pia. Nilisimama pale nikalia, sina haya ya kusema. Nililia kwa hasira. Kisha nikaingia mtoni na nguo zangu, na wanawake wakaulizana huyu katokea wapi, mmoja akasema katokea Ngazija, wote wakaelewa.

Shangazi yangu, dada yake baba, alinipokea kwa moyo mweupe. Alinipa nguo kavu, wali, papa wa nazi, na akanipaka mafuta nywele kama mtoto. Nilipoona amelainika, nikapenyeza neno. Nikasema mama amechoka, pengine hapa kwenye maji angepata afya. Shangazi aliendelea kunisuka, wala hakukasirika. Akasema mwanamke hukaa kwao, na mama yangu ana nyumba ya mawe Moroni, mji mzima unajua. Wakimpokea hapa kama mtu asiye na kwao, watakuwa wamemvunjia heshima, yeye na marehemu. Alisema kweli, na ndiyo maana mimi nikakasirika zaidi. Kule naambiwa nina mto, huku naambiwa nina nyumba. Kila mtu alikuwa ameniwekea akiba ya kitu kilichoko kwa mwenziwe.

Basi mjomba tu ndiye aliyebaki. Nilimkuta kwa mkewe, nyumba ya mtelemkoni, mto unasikika kitandani. Alikuwa amenenepa. Alikuwa anaoga mara mbili kwa siku, mkewe alijisifia, na mara nyingine tatu. Alikuwa na kikoi na fulana, lakini alininyooshea mkono nimbusu kama aliyevaa joho. Nikambusu. Nikamweleza habari ya mawingu, ya birika, ya mama. Alisikiliza amefumba macho. Kisha akaanza kutaja masharti.

Alitaka wenye joho wenzake waje kumpokea pwani ya Moroni. Alitaka mwavuli. Alitaka watembee naye kwa mpango wao, nani mbele nani nyuma, mpaka nyumbani. Nilimkumbusha kwamba mambo hayo yamepigwa marufuku na kwamba mara ya mwisho yalimfikisha sokoni na ufagio. Akafungua macho akanitazama kwa huruma, akasema, kama hayo hayawezekani, basi mvua itamsubiri.

Mvua itamsubiri! Mtu amekaa kando ya mto, ana unyevunyevu nyuma ya masikio, anaiwekea mvua miadi. Nilitaka kumrushia kitu. Nikameza mate, nikavaa sura ya unyenyekevu, nikamwambia sawa, mjomba, pumzika. Nitamwambia mama mdogo amkubali yule mzee wa mtaa wa pili, yule mliyegombania naye nafasi msikitini, maana amejitolea mwenyewe kuja kutugeuzia mlizamu na joho lake limekwisha kupigwa pasi.

Mzee wa mtaa wa pili hakuwa na habari yoyote. Mjomba akauliza meli inaondoka lini.

Tulirudi naye amevaa kikoi, na joho lake limefichwa chini ya kikapu cha ndizi mbichi. Njia nzima alikikalia kile kikapu. Pwani ya Moroni hakupokewa na mtu, akapita kichwa chini mpaka mlangoni kwetu, na hapo mlangoni kichwa kikapanda juu tena. Mama mdogo alimbusu mkono huku analia. Mama naye alimbusu. Kaka yao akamuuliza mama habari za Bukini, na kabla hajajibu akauliza kama kuna chai.

Mtu mwenye akili angekaa kusubiri mvua, ikinyesha aende uani akasukume bati. Mjomba alisema mlizamu hausukumwi kimyakimya. Lazima waalikwe wazee wenzake, wasome, wale, ndipo. Tutasema ni hitima ya bibi, kamati isishtuke. Mama mdogo akafurahi kupita kiasi, maana tangu harusi kubwa zipigwe marufuku alikuwa hajapata nafasi ya kuonyesha sinia zake. Ukanunuliwa mchele, akapatikana mbuzi, maziwa ya mgando yakaagizwa shamba. Na wali haupikwi kwa mate.

Kile kidimbwi kilichobaki chini ya birika ndicho kilichokuwa kinatuweka hai. Tulikichuja kwa kitambaa, tukakichemsha, tukanywa kwa kupimiana. Siku ile mama mdogo aliteremsha ndoo akachota, akachota, mpaka ndoo ikaanza kupanda na tope tupu. Akapika wali, akapika nyama, akatenga ya wazee kunawa mikono, maana wazee wananawa kwa kumiminiwa. Mama alitoka chumba cha nyuma akasema pole pole, labda tungengoja mvua kwanza, kisha tupike. Mama mdogo alimjibu kwamba wageni hawawezi kuyajua mambo ya nyumba. Mama akarudi mkekani kwake.

Hebu fikirini. Maji ya mwisho yalipikiwa watu waliokuja kuomba maji. Nimeishi nchi mbili, na sijaona kwingine watu wanaoweza kulifanya hilo kwa heshima kiasi kile.

Wazee walikuja mmoja mmoja, kila mtu na kikapu chake, na kila kikapu kikatoka joho. Ua wetu ukametameta nyuzi za dhahabu. Walikuwa wamekonda, maskini, na majoho yamewapwaya, lakini nyuso zao zilikuwa za watu waliorudi kwao. Mawingu yalikuwa yameshuka mpaka kwenye paa la msikiti. Wakaketi kibarazani. Mama mdogo akaanza kuwamiminia maji mikononi, na hapo hapo, yale maji ya mwisho yakiwa kwenye vidole vya mjomba, mvua ikashuka.

Haikuanza kwa manyunyu. Ilimwagika. Mlizamu ukatapika maji meusi barabarani, yana majani na uchafu wa miezi, kisha ya kahawia, kisha yakawa meupe kama ya Mutsamudu. Paa limetakata. Kazi ikabaki kuusukuma tu.

Mjomba akasimama, akaweka sawa joho lake. Mwenzake akasimama pia. Akasema kwa adabu kubwa kwamba, ingawa nyumba ni ya dada zake mjomba, Fatiha husomwa na aliyetangulia kufanya harusi kubwa, na yeye alitangulia. Mjomba akamjibu kwa adabu kubwa zaidi kwamba hilo ni kwa mambo ya mji, si kwa mambo ya ukoo. Wa tatu akaombwa aamue, akaanza kueleza ilivyokuwa zama za baba yake. Hakuna aliyepaza sauti. Hakuna aliyemkatiza mwenziwe. Walikuwa wanaambiana tafadhali na samahani, na maji ya mwaka mzima yanakwenda barabarani. Nje watu wa mtaa walikuwa wamekwisha kuja na ndoo, mabeseni, masufuria, hata sanduku la bati la nguo, wanakinga chini ya mlizamu wetu na kutuombea dua wenye nyumba. Niliwasikia wakicheka. Nilimtazama mama mdogo, amesimama na buli mkononi, hajui amtazame nani.

Kisha kamati ikaingia. Walilowa chapachapa, na walipoyaona majoho yote yale mahali pamoja walifurahi kama waliookota kitu. Kiongozi wao akataka kuhutubia. Kwa kuwa mvua ilikuwa na kelele, akatafuta mahali pa juu ili asikike, akapanda juu ya kifuniko cha birika. Maandishi yao ya mkaa yalikuwa yanayeyuka chini ya miguu yake, yakimchafua nyayo. Akaanza na ukabaila. Mjomba akamuomba amalize haraka kwa sababu wana Fatiha. Kijana akasema hatamaliza haraka. Mzee wa tatu, ambaye hakuacha kueleza hata walipoingia, akafika kwenye harusi ya babu yake.

Mimi nilikuwa nimekwisha kukata tamaa. Nilikuwa nawaza nitamfunika mama kwa kitu gani kwenye meli. Ndipo nikamuona anatoka chumba cha nyuma, kichwa wazi mvuani, na mchi wa kutwangia mkononi. Alipita katikati ya majoho yale, yakampisha bila kujua kwa nini. Akafika birikani.

"Shuka, mwanangu," akamwambia yule kijana. Naye, aliyekuwa hashuki kwa mtu, akashuka.

Ufunguo haukuhitajika, maana siku ile kufuli ilikuwa imefunguliwa tangu alfajiri kwa ajili ya wali. Mama akakiburuta kifuniko kando. Akauinua mchi, akauegemeza kwenye bati, akausukuma mlizamu. Uligoma. Akausukuma tena kwa kifua, ukalia, ukazunguka, na maji yakaingia birikani kwa kishindo kilichonyamazisha ua mzima.

Mama akageuka. Alikuwa mwanamke mdogo, amelowa, kanga imemshika mwilini. Hakumtazama mtu mmoja, alituambia sote.

"Nyumba hii alinijengea baba yangu. Nimechoka kungoja katika ua wangu."

Kisha akarudi chumba cha nyuma kubadilisha nguo. Birika halikupasuka.

Mjomba ndiye aliyezinduka kwanza. Aliinua mikono juu akasoma Fatiha mbio mbio, na wote wakaitikia amina, hata kamati, kwa mazoea. Halafu yule kijana akatangaza kwamba mwanamke wa Komoro amejikomboa leo na kwamba kamati imeshuhudia. Mjomba naye akatangaza kwamba baraka imeshuka kwa heshima ya wazee waliohudhuria. Kila upande ukaridhika kabisa. Wakala wali pamoja, joho na kamati, bega kwa bega, na hawakutubakishia hata ukoko.

Baadaye serikali ile ilianguka, wazee wakayatoa majoho vikapuni, na mjomba akarudi safu ya mbele. Kila nilipompitia barazani nilimsikia anasimulia jinsi alivyougeuza mlizamu kwa mkono wake, mbele ya mitutu ya bunduki. Bunduki hazikuwapo, na mkono wake siku ile ulikuwa na mafuta ya mbuzi. Sikumbishia. Watu wazima wana haki ya kudanganya, wamekwisha kuilipia.

Lakini asubuhi ya pili yake mjomba hakuwapo uani, mimi nilikuwapo. Mvua ilikuwa imekatika alfajiri. Birika lilikuwa limejaa kupita nusu, unaweza kuyaona maji bila kuinama, na juu ya kifuniko hakukubaki hata herufi moja. Mama alikuwa amekaa kizingitini, mlango wa mbele, mahali ambapo hakuwahi kukaa tangu tulipofika, anatafuna tambuu. Mama mdogo alikuwa amesimama kando ya birika na ndoo yake, kitambo kirefu. Kamba mkononi, ufunguo ukining'inia penye pindo la kanga. Hachoti. Nyumba nzima inasubiri chai, naye hachoti.

Mwishowe akaiacha kamba, akaja na ndoo tupu mpaka kizingitini. Hakuvaa dhahabu asubuhi ile.

"Dada," akasema, na ilikuwa mara ya kwanza. "Nichote?"

Mama hakuharakisha. Alitafuna, akageuka akatema pembeni, akajifuta mdomo, akamtazama mdogo wake juu mpaka chini.

"Chota," akasema. "Wageni hatuwanyimi maji."

Mama mdogo akaenda akachota. Kabla ya adhuhuri alikwisha kuhamisha vitu vyake kutoka chumba cha mbele, bila kuambiwa na mtu, na mama akalala humo mpaka alipofia humo, miaka mingi baadaye, kama alivyotaka. Mimi ningetaka zaidi ya hapo. Lakini mimi sikuulizwa.